Alama Tatu za Ushindi, Sita za Usafi: Kisa cha Vijana wa Mathare

Katika ligi za watoto na vijana wa Mathare, Nairobi, timu ikishinda mechi hupata alama tatu. Ikitoka na makoleo ikazibua mitaro na kuzoa taka mpaka kazi ikaisha, hupata alama sita. Kwa hesabu hiyo, timu yenye mshambuliaji asiyekamatika inaweza kumaliza msimu chini ya timu ya watoto wazito wa miguu ambao hawajakosa siku ya usafi hata moja. Mtoto wa miaka 11 anaijua kanuni hii kama anavyojua kanuni ya kuotea, na msimamo wa ligi ukibandikwa alama za timu yake zikiwa pungufu, utamsikia.

Ligi hizo zinaendeshwa na Mathare Youth Sports Association, shirika linalojulikana zaidi kwa herufi zake, MYSA, lililoanza mwaka 1987. Nimelichagua kwa sababu kila tunapozungumzia kuwalea vijana katika uongozi ili waitumikie jamii, tunaishia kwenye ukumbi wa hoteli. Mkufunzi ana karatasi kubwa na kalamu za rangi, washiriki wamevaa fulana za mradi, chai ya saa nne ina sambusa, jioni kuna vyeti, picha ya pamoja na bahasha ya nauli. Wiki inayofuata mtaa uko vilevile. Mathare walianzia uwanjani na mtaroni, mafunzo yakaja nyuma ya kazi. Ninachotaka kujua ni kitu gani hasa kilifanya kazi pale, na kilikwama wapi.

Bondeni

Mathare haiko mbali na katikati ya jiji. Ni bonde la mto wenye jina hilohilo, na sehemu yake ni machimbo ya mawe ya zamani. Wakati wa Hali ya Hatari, baada ya msako mkubwa wa Aprili 1954 uliokusudiwa kuwang'oa Mau Mau Nairobi, wakoloni walibomoa makazi ya bondeni wakiyaona ni maficho. Uhuru ulipokaribia watu walirudi, wakajenga kwa mbao, udongo na mabati, na tangu hapo serikali moja baada ya nyingine imewatazama kama watu wa kupita. Mtu wa kupita hachimbiwi mtaro wala hapelekewi lori la taka. Ndiyo maana mradi wa michezo uliishia kuanza na uchafu: mtaro ukiziba, maji machafu huingia chumbani kwa mtu, na mvua ya masika ikikaza, mto nao huja mlangoni.

Bob Munro, Mkanada aliyekuwa Nairobi akifanya kazi ya ushauri wa mazingira na Umoja wa Mataifa, aliwakuta watoto wakicheza na mpira wa juala, yaani mifuko ya plastiki iliyoviringishwa na kukazwa kwa kamba. (Tangu Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo, mafundi wa mpira wa juala wamekuwa na shida ya malighafi. Marufuku ilikuwa na faida kubwa, lakini mtoto asiye na mpira hakuulizwa.) Watoto walitaka mipira na mtu wa kuwapangia mechi. Sharti alilowapa limebaki kuwa msemo wa shirika: mkifanya kitu, nami nitafanya kitu, msipofanya, sifanyi. Kitu hicho kikawa usafi.

Wapo wanaokisikia kisa hiki wakaguna, wakisema ni ileile hadithi ya mzungu mwema na watoto wa mabanda. Wana haki ya kuguna. Lakini wakiishia hapo watakosa sehemu yenye maana, ambayo ni namna watoto wenyewe walivyolichukua sharti lile wakalifanya chombo chao.

Mtaroni

Tuutazame mtaro mmoja. Kuna matope meusi, maganda, kiatu cha mguu mmoja, nguo kuukuu iliyoshika kama kizibo, chupa, na mifuko iliyofungwa fundo ambayo kila mtu anajua ina nini na hakuna anayeuliza. Wakubwa wanashika makoleo na majembe, wadogo wanavuta kwa reki, toroli inapokezanwa. Mama aliyekuwa akifua anamwaga maji yake ya mwisho kusukuma tope lililobaki. Maji yakianza kutembea, kila aliyepo anayaona.

Jambo moja hapa huwapita wengi wanaoandika kuhusu huduma kwa jamii: matokeo yanaonekana papo hapo. Kijana aliyefundishwa siku tatu juu ya mabadiliko ya jamii hana cha kuonyesha siku ya nne. Aliyezibua mtaro anacho, na jirani amekiona. Mtoto aliyekuwa akiitwa chokoraa sasa ana jina, ni yule wa timu fulani, wale waliosafisha pale kwa mama wa mboga. Heshima ya namna hii haitoki kwenye cheti, na ukishaionja unaitafuta tena.

La pili ni kwamba alama ni za timu. Kijana mmoja mwenye moyo mwema hawezi kuiletea timu yake alama sita akiwa peke yake, na mvivu mmoja anawaponza wenzake kumi. Kwa hiyo anayekuja kumwamsha mvivu Jumamosi asubuhi si mfadhili wala mwalimu, ni nahodha wake wa miaka 13, na anapiga mlango kwa hasira za mtu aliyefungwa bao la dakika za mwisho. Watu wazima wangeshika kazi hiyo ya kuamshana, mpango mzima ungekufa mwaka wa kwanza.

Kuna swali ambalo siwezi kulikwepa: huku ni kujitolea kweli? Mtu anayefanya kazi ili apate alama amejitolea nini? Kwa muda mrefu nimesikia wakosoaji wakisema kwamba hapa watoto wanahongwa. Nadhani wanakosea mahali. Hakuna mtu anayeanza kutumikia wengine kwa moyo safi usio na chembe ya faida yake. Hata mzee anayejenga msikiti au kanisa anapenda jina lake litajwe. Alama ni mlango tu. Cha kuuliza ni nini kinamweka kijana ndani baada ya umri wa kucheza ligi za watoto kupita, alama zikiwa hazimhusu tena. Na Mathare wapo wengi waliobaki wakawa makocha, marefa na viongozi wa kanda bila mshahara. Jibu la kubaki kwao haliko kwenye alama. Liko kwenye madaraka.

Refa akiwa mtoto

MYSA ilikua ikafika zaidi ya vijana 20,000, wavulana na wasichana. Ligi ya ukubwa huo, yenye mechi kila wikiendi katika viwanja vya vumbi vilivyotawanyika mashariki mwa Nairobi, haiwezi kuendeshwa na watu wazima wachache wa ofisini. Shirika liligawa eneo katika kanda, kila kanda ikachagua viongozi wake, na viongozi hao wakawa vijana wa umri wa sekondari. Wao ndio hupanga ratiba, husajili timu, husikiliza malalamiko na kuamua nani afungiwe. Anayeamua ugomvi wa timu mbili ni mtu ambaye kesho atakutana na pande zote mbili kwenye foleni ya maji.

Uamuzi huo ni mgumu kuliko zoezi lolote la semina, kwa sababu una gharama. Ukipendelea timu ya mtaa wako utajulikana, ukiikatia alama timu ya mtaa wako utajulikana zaidi. Kijana anajifunza kutoa hukumu isiyopendwa na kuishi nayo. Nimewahi kukaa katika vikao vya kamati za watu wazima ambamo hakuna aliyethubutu kufanya hivyo.

Kanuni za uwanjani nazo zimetungwa kwa akili hiyohiyo. Ni nahodha peke yake anayeruhusiwa kuzungumza na refa. Mchezaji mwingine akifungua mdomo, adhabu yake ni kwenda kuchezesha mechi za wadogo. Fikiria jamaa wa miaka 17 aliyemtukana refa, anapewa filimbi na kuingizwa kati ya watoto ishirini na wawili wa miaka kumi, wote wakipiga kelele kwamba ameonea. Hakuna mahubiri ya nidhamu yanayofika hapo. Tena kuna kadi ya kijani, anayopewa mchezaji aliyeonyesha uungwana, na nayo huhesabiwa.

Kisha kuna karo, na hapa ndipo naona ustadi mkubwa kuliko wote. Vijana wanaojitolea, kwa kufundisha wadogo, kuchezesha mechi, kusimamia usafi au kuelimisha rika, hukusanya alama zao binafsi, na wenye alama nyingi hupata tuzo ya uongozi. Tuzo hailipwi mkononi. Pesa huenda moja kwa moja shuleni kama karo. Kwa familia ya Mathare hili ni jambo zito: kabla ya 2003 hata shule ya msingi ilikuwa na malipo, na ya sekondari imeendelea kuwatoa watoto wengi darasani hata baada ya hapo. Mzazi aliyekuwa akilalamika kwamba mwanawe anapoteza muda kwenye mpira hunyamaza karo ikilipwa. Na kwa kuwa pesa haipiti mikononi mwa kijana, hakuna anayejitokeza kufuata posho. Wanaoendesha miradi ya vijana kwetu wanajua posho inavyoweza kugeuza kundi la wapenda jamii kuwa kundi la waweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio.

Wasichana

Miaka ya mwanzo MYSA ilikuwa ya wavulana. Ligi ya wasichana ilianza 1992, na mara moja ikaonekana kwamba kuwaita waje uwanjani hakutoshi. Msichana wa Mathare ana zamu ya jikoni, ya maji, ya kufua na ya mdogo wake mgongoni. Wapo waliokuja mazoezini na wadogo zao, wakawaweka kando ya mstari, wakacheza, wakarudi kuwabeba. Wazazi waliuliza maswali ya haki: anarudi saa ngapi, anapita njia gani, kocha ni nani, kaptura ya nini.

Shirika lilibidi libadili saa za mechi, liwaendee wazazi nyumbani, na liwape wasichana wenyewe nafasi za ukocha na uongozi, si jezi tu. Lilifanikiwa kiasi kwamba watafiti wa mambo ya wasichana walianza kulitazama kama mfano. Mimi naliona funzo lenye ukali kidogo. Mpango unaomhesabia kijana huduma yake hupenda kuhesabu kile kinachoonekana hadharani, mtaro na filimbi. Huduma ya msichana kwa familia na majirani, ambayo amekuwa akiitoa tangu ana miaka saba, haikuwa na alama. Wavulana walianza kutumikia mtaa walipojiunga na ligi. Wasichana walikuwa wanautumikia tayari, na ligi kwao ikawa nafasi ya kuchezea. Kuwaweka wote katika jedwali moja na kusema wanaanzia sawa ni kujidanganya.

Kilivyosambaa

Usafi na ligi vikizoeleka, mengine yalijishika hapohapo. Mwaka 1994 vijana walianza kuelimishana kuhusu ukimwi, wakati ambapo watu wazima wengi waliutaja ugonjwa huo kwa mafumbo, na ujumbe ulipita kwa urahisi kwa sababu msemaji alikuwa kocha wa timu na si mgeni mwenye vipeperushi. Mwaka 1999 mfumo ukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lilikuwa limekwisha kuwatunuku vijana hawa tuzo yake ya mazingira ya Global 500 mwaka 1992, na timu zao zikawa wageni wa kila mara wa mashindano ya Norway Cup mjini Oslo.

Mwaka 1994 pia iliundwa klabu ya soka ya Mathare United, ili wachezaji bora wasikosee njia wakishakua. Mwaka 1998, ikiwa bado daraja la chini, ilitwaa Kombe la Moi, na 2008 ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Katika klabu hii mchezaji wa kulipwa naye alitakiwa kufanya saa za huduma mtaani. Kwa mtoto anayemwona shujaa wake akishika reki siku mbili baada ya kumwona kwenye televisheni, hoja imekwisha. Francis Kimanzi, aliyekulia katika mfumo huu, alikuja kuifunza Mathare United yenyewe na timu ya taifa, Harambee Stars.

Ubingwa wa 2008 una kivuli chake. Msimu huo ulikuja mara tu baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliichoma Mathare vibaya, majirani wakiwinda majirani kwa majina yao. Wapo waliopenda kuandika kwamba mpira uliwaunganisha. Mimi siamini mpira ulikuwa na uwezo huo. Timu za mtaa huchota wachezaji wa mtaa, na mtaa wa kabila moja hutoa timu ya kabila moja. Miaka ishirini ya kusafisha pamoja haikuzuia moto uliowashwa na watu wakubwa kuliko nahodha yeyote. Kilichokuwepo ni kwamba baada ya moto kulikuwa na ratiba ya kurudia, na vijana waliojua namna ya kuwaita wenzao wa upande wa pili. Hilo si dogo, ila lisiongezwe chumvi.

Palipokwama

Udhaifu mkubwa wa kisa hiki uko mwisho wa toroli. Watoto wakishazoa taka, zinakwenda wapi? Shirika lilifikia hatua ya kuwa na malori yake, jambo la kusifiwa na la kusikitisha kwa pamoja, kwa kuwa kubeba taka ni kazi ya jiji, na wakazi wa bondeni wanalipa ushuru sokoni na kodi kwenye kila pakiti ya unga. Ukiwafundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini kwamba mtaro ni wajibu wao, bila kuwafundisha kuuliza kwa nini mtaro wa mtaa wa matajiri unazibuliwa na wafanyakazi wa kaunti, umewafunza nusu ya uraia. Mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha mpaka wa makoleo. Mathare ilikuwa kati ya maeneo yaliyoumia zaidi, watu walikufa, na serikali ilipofika ilifika na matingatinga kubomoa nyumba za kingo za mto.

Nusu ya pili imefundishwa na wengine. Vijana wa bonde hilohilo, kupitia makundi ya haki za binadamu ya mtaani, wamefanya kumbukumbu za wenzao waliouawa na polisi na kupanda miti kwa majina yao. Huo nao ni utumishi, na hakuna ligi inayoutolea alama. Sidhani pia kwamba MYSA ingeweza kuufanya ikaendelea kupata vibali vya viwanja. Kila mpango wa vijana huchagua hasira ipi iruhusiwe, na huu ulichagua uchafu.

Tofauti yake na mipango ya serikali hata hivyo ni kubwa. Wakati wa korona, kuanzia Aprili 2020, mpango wa Kazi Mtaani uliwalipa vijana wa mabanda kufanya usafi uleule, na katika awamu ya pili malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku. Pesa hizo zilinunua unga katika mwezi mbaya, na sitamsikiliza anayezibeza. Ila mwajiri alikuwa serikali, aliyepanga alikuwa ofisa, na mpango uliposimamishwa, vijana hawakubaki na kamati wala ratiba waliyoimiliki. Walibaki na reki, pengine. Kijana wa MYSA hakulipwa mkononi hata senti, akabaki na kanda iliyomchagua.

Hata hivyo pesa lazima itoke mahali. Kwa MYSA ilitoka sana kwa wafadhili, hasa wa Norway, na mfadhili ana tabia ya kuchoka au kubadili vipaumbele. Viongozi waliochaguliwa na wenzao kwa kura wanaweza kuamua nani afungiwe mechi tatu. Hawawezi kuamua kama karo za mwakani zitakuwepo. Nchi ambayo vijana wake wamejitolea namna hii ingetarajiwa kuweka fungu kwenye bajeti ya kaunti, si la shirika hili tu bali la ligi yoyote ya mtaa inayoweza kuonyesha mitaro iliyozibuliwa.

Nimeona watu wa Mombasa na Dar es Salaam wakitaka kuiga. Wengi huanza na jezi na jina. Ningewaambia waanze na kiwanja chenye hati, maana Nairobi imeonyesha kwamba uwanja wa vumbi usio na karatasi huamka asubuhi moja ukiwa na mawe ya ujenzi. Kisha wawape watoto daftari la msimamo wa ligi na kuwaachia, pamoja na uwezo wa kukosea ndani yake. Kwa uzoefu wangu, viongozi wengi wa miradi husitasita wakifika hapo kwenye daftari.